Moshi wa Udi Kwenye Jezi za Korongo

Wifi yangu Mwanabaraka ni mwoga. Nalisema mapema, usije ukadhani nakusimulia habari za shujaa. Anaogopa lifti. Anaogopa kijibwa cha jirani ambacho ni kidogo kuliko paka. Simu ikilia asubuhi na mapema hushika kifua kwanza, kisha ndipo aitazame. Anaogopa ngurumo za Texas pia, lakini hizo hata mimi sizichezei.

Hakuzaliwa hivyo. Kibokoni, Mombasa, tulikokulia, alikuwa msichana wa kupanda juu ya mapaa ya watu kuanika nguo na kurushiana maneno na wavulana walio chini. Woga ulimwingia Houston, mwaka aliofariki mumewe, kaka yangu Abdulsalam.

Abdulsalam alikuwa dereva wa lori. Alirudi kwao Sharpstown, mtaa wa Houston, kutoka safari ndefu, shavu la mguu mmoja limevimba. Akasema ni uchovu wa kukaa. Mwanabaraka akamkanda kwa mafuta ya habasoda, akakifukiza chumba udi, akamwekea mguu juu ya mto. Kesho yake adhuhuri, akienda kutia udhu, kaka yangu alianguka mlangoni mwa bafu na hakuinuka tena. Damu iliyoganda mguuni ilikuwa imepanda hadi kwenye mapafu.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee hapa Grand Prairie. Niliposhuka Houston kwa mazishi na kuhadithiwa habari za ule mguu, nilimwambia Mwanabaraka mbele ya watu waliokuja kuhani: "Mguu wavimba mmoja, nawe wakanda?" Nilisema kwa uchungu, na nilisema kwa sauti. Tumepatana, tumepikiana, tumelia pamoja, lakini swali lile halikupata jibu, nami sikuliuliza tena.

Baada ya eda akatafuta kazi, akaipata ya kufua nguo za timu ya besiboli inayoitwa Herons. Usiwafikirie wale mabwana wa televisheni. Hii ni timu ndogo ya kulipwa. Wachezaji wake ni vijana walioachwa na timu kubwa, au wanaongoja kuitwa na hawaitwi. Heron ni korongo, ndege wa kinamasi, na Houston kinamasi hakikosekani. Mwanabaraka alikuwa hajui besiboli ni nini na mpaka leo hajui vizuri. Alijua matope. Alijua goti la nani hufagia udongo, na nani hutema maganda ya alizeti mpaka kwenye kola.

Mwaka huu mwenye timu akaihamishia Grand Prairie. Watazamaji wa Houston walikuwa wamempungukia, na huku alipata kiwanja kilichokuwa kimekaa bure, katikati ya maghala na barabara kuu, baina ya Dallas na Fort Worth. Akawaambia wafanyakazi anayetaka kufuata afuate. Mwanabaraka alinipigia simu, sauti inatetemeka. Nikamwambia chumba kipo, aje. Akaja na masanduku mawili na chetezo chake cha kufukizia udi, amekifunga ndani ya kanga.

Wenyeji hawakuwataka Herons. Walikuwa na timu yao zamani, ikavunjika, na bado watu wazima walivaa kofia zake kama wafiwa. Mechi za mwanzo viti vilikuwa vitupu, na wale wachache waliokuja walikuja kuzomea. Korongo gani wa nchi kavu, walisema, rudini kwenye kinamasi chenu. Na timu nayo ikawasaidia waliozomea: ilifungwa, ikafungwa, ikafungwa tena. Mwenye timu akatangaza wazi kwamba msimu huu wa kwanza ukienda mrama hakutakuwa na wa pili.

Mwanabaraka alikuwa na shida yake nyingine. Ghala la nguo pale kiwanjani lilikuwa limefungwa muda mrefu, limeingia unyevu na panya. Nguo zilitoka kwenye mashine safi, zikilala humo mara moja, asubuhi zinanuka.

"Wifi, nimefua mara mbili," aliniambia. "Nimetia siki, nimetia magadi. Zanuka panya vile vile. Mtu ataivaaje hiyo mbele za watu? Mimi naona haya."

"Si u-complain kwa manager."

"Nimem-tell. Ati budget hakuna."

Basi akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Kwetu humpi mtu nguo inayonuka, hata awe adui yako. Asubuhi ya mechi alikwenda na chetezo, makaa, na udi wake mwenyewe anaoupika kwa sukari, mawaridi na miski. Nje ya mlango wa nyuma, kwenye ukumbi ulio wazi, akafunika chetezo kwa kikapu cha waya wanachowekea mipira, akatandaza jezi juu yake moja moja, moshi ukapenya. Wachezaji walipovaa walitazamana. Wakajinusa makwapa. Wakacheka. Wakaingia uwanjani wakashinda.

Mimi nadhani walishinda kwa kuwa wale wengine walicheza vibaya. Lakini nani ataniuliza mimi?

Mechi iliyofuata wakamwambia afanye tena. Wakashinda. Watu wa besiboli, kama ulikuwa hujui, wana imani za ajabu: huyu hakanyagi mstari, yule hafui soksi wakati timu inashinda, na Mwanabaraka alikwisha kuzizoea soksi hizo akizishika kwa ncha za vidole. Sasa imani zote zikahamia kwenye moshi. Haikutosha tena kuvaa jezi iliyofukizwa. Walipanga mstari mlangoni, kila mmoja apite juu ya chetezo, asimame kidogo, afumbe macho. Wakamwita Mama Moshi, neno la Kiswahili walilojifunza kwake. Watazamaji wakaanza kuja. Wengine walikuja wamevaa vilemba vya mataulo meupe, wakipunga mikono kama wanaosukuma moshi.

Hapo ndipo alipoanza kukosa usingizi.

"Hii ni shirki, Rukaya," aliniambia jikoni, kijiko kimesimama hewani. "Wao waamini huu moshi wawapa ushindi. Na mimi ndiye ninayewasha."

"Waambie ni harufu tu."

"Na wakifungwa siku hiyo? Watasema mimi. Na wakinifukuza?"

Nikamwambia asijitie presha, Mungu anajua nia yake. Lakini nia yake aliijua Mungu peke yake. Binadamu walikuwa na yao. Majaliwa, Mtanzania anayeendesha lori na ambaye hutuletea unga wa muhogo, alimwona kwenye video iliyozagaa. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, kumbe wewe ndiye kamati ya ufundi!" alisema. "Tumekimbia kamati Dar, tumeikuta Texas!"

Mswahili aliyewahi kufuata kandanda haambiwi kamati ya ufundi ni akina nani. Ni wale wanaoiingiza timu uwanjani kinyumenyume na kuzika vitu golini. Majaliwa alitania, lakini Mwanabaraka alibadilika rangi. Wiki hiyo hiyo ukaja ujumbe wa sauti katika kundi la akina mama wa Sharpstown, bibi mmoja mzee akiuliza kwa upole wenye miba kama ni kweli mjane wa Abdulsalam amekuwa mganga wa Wazungu. Aliusikiliza mara nyingi. Kila mara alipoumaliza alisema "astaghfirullah", kisha akauanza upya.

Akakusudia kuacha. Alimwendea kocha, akaanza kueleza, na kocha, mtu mzima mwenye tumbo na huruma, akamshika kwa maneno: Mama, sema chochote utakacho, ila usiache sasa. Akarudi bila kuacha. Huyo ndiye wifi yangu. Anaogopa kufanya na anaogopa kutofanya, na kati ya woga huo na huo hufuata ule ulio karibu.

Aliyeuamini moshi kuliko wote alikuwa Beto, mrushaji wao. Kwao ni Brownsville, mpakani na Meksiko. Katika besiboli mrushaji ndiye kila kitu: ndiye anayesimama kwenye kile kichuguu katikati na kuutupa mpira kwa nguvu ambayo mkono wa mwanadamu haukuumbiwa. Umri wake ulikuwa umefika ule ambao timu kubwa hazitazami tena. Alimheshimu Mwanabaraka. Alijua hampi mwanamume mkono, basi naye humwamkia kwa kuweka kiganja kifuani, na humletea mikate ya mahindi ya mama yake baada ya kuuliza kwanza kama ina nguruwe.

Jumapili moja ya Julai mechi ilikuwa mchana, na timu kubwa ilikuwa imetuma mtu wa kumtazama Beto. Kila mtu kiwanjani alijua. Mimi nilikuwa nyumbani, nimepumzika, nachambua mchele, simu ikalia. Nilisikia mashine za kufulia zinanguruma, na sauti ya Mwanabaraka chini yake, anasema huku amejificha nyuma ya mashine.

"Rukaya. Mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wa Beto. Amekuja peke yake mapema, amevaa mikono mirefu na joto lote hili. Amenionyesha. Umevimba wote, kuanzia bega mpaka vidole."

"Mmoja ama yote miwili?"

"Mmoja. Una rangi ya zambarau. Mishipa imemsimama hapa kifuani."

Mchele ulinimwagika. Sikuona daktari wala kipimo, lakini niliona mguu wa kaka yangu, ambao hata sikuwahi kuuona.

"Amesemaje?"

"Ati niupitishie moshi, uvimbe ushuke. Ati leo tu arushe, kesho ataenda kwa daktari. Amenisihi kwa jina la Mungu nisimwambie mtu. Amelia, Rukaya. Mtu mzima amelia mbele yangu."

"Piga 911 sasa hivi."

"Atakataa kupanda. Atasema ni mzima. Njoo wewe useme, wewe una cheti, mimi nani atanisikiliza?"

"Nakuja. Lakini usiningoje mimi. Sema wewe!"

Nilipiga simu ya dharura mwenyewe nikiwa kwenye gari, nikawaeleza kiwanja kilipo na mlango wa nyuma. Kila taa ilikuwa nyekundu. Nilikuwa namwomba Mungu na kuwatukana madereva kwa ulimi mmoja. Kilichonitisha zaidi si ule mkono. Namjua wifi yangu. Nilimwona akilini mwangu akiinamisha kichwa, akiwasha makaa, akifanya alivyoombwa kwa sababu mtu amelia.

Nilipofika, mstari ulikuwa umeshapangwa ukumbini. Makaa yalikuwa mekundu. Beto alikuwa wa kwanza, kama siku zote, jezi juu ya fulana ya mikono mirefu, uso umelowa jasho. Mwanabaraka alisimama mbele yake na kipande cha udi kati ya vidole viwili.

Akaurudisha udi kwenye kopo. Akachukua chupa ya maji ya Beto mwenyewe, akaimimina yote juu ya makaa. Yakalia, mvuke ukapanda, majivu yakamrukia kwenye buibui.

"Moshi hakuna leo," akasema kwa Kiingereza chake cha kuokota. "Kunja mkono wa nguo. Waonyeshe."

Beto akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ndogo: Mama, uliniahidi.

"Sikukuahidi. Nilinyamaza." Akawageukia wengine. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta. "Nyinyi nyote nisikilizeni. Huu moshi ni wa harufu. Nguo zenu zilikuwa zanuka panya, mimi nikaona haya. Basi! Hakuna kingine ndani yake."

Mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Mwanabaraka akampandishia sauti. Tangu azikwe Abdulsalam nilikuwa sijaisikia sauti ile.

"Wacheka nini? Mume wangu alivimba mguu hivi hivi. Nilimfukizia chumba. Nilimkanda kwa mikono yangu hii. Nilifanya nilichokijua, na nilichokijua hakikutosha, akafa! Sitamfukiza mwingine."

Aliwaambia wao, kwa Kiingereza. Lakini alikuwa amenitazama mimi, juu ya mabega yao, na nikajua kwamba ndio nimejibiwa. Huko nyuma nilidhani nalitaka jibu hilo.

Beto akasema kwamba Mama amemwangamiza. Akasema na neno baya kwa Kihispania. Silijui, ila niliona wenzake walivyogutuka. Akataka kupita aende uwanjani. Kocha akamzuia kwa tumbo lake, akaishika ile fulana kwenye kifundo cha mkono, akaipandisha. Mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine. Wale vijana wakubwa, wenye ndevu na michoro shingoni, walirudi nyuma hatua moja kama watoto. Mtaalamu wa viungo wa timu alifika mbio, akatazama mara moja tu, akamketisha chini. Gari la wagonjwa lilikuwa linaingia getini.

Tulikaa hospitali mpaka magharibi. Mwanabaraka alisali pembeni mwa mashine ya soda. Mimi nilijua mengi kuliko yeye kuhusu kinachoweza kutokea, kwa hiyo niliogopa zaidi, na sikumwambia. Kila mlango ulipofunguka tuliinuka wote wawili. Mwishowe mamake Beto, aliyekuwa kwenye simu kutoka Brownsville na mtafsiri, akaruhusu tuambiwe. Damu ilikuwa imeganda chini ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, pale ubavu wa kwanza unapobana mshipa wa warushaji. Vipande viwili vidogo vilikwisha kufika kwenye mapafu. Vidogo. Mwanabaraka aliliuliza neno hilo mara tatu, kama ni vidogo kweli.

Alipona. Walimtoa ubavu mmoja, na msimu wake ukaishia hapo. Yule mtu wa timu kubwa alipanda ndege siku ile ile, hakurudi.

Herons walifungwa Jumapili hiyo, na wakafungwa wiki nzima. Usidhani watu walimshukuru wifi yangu. Baadhi yao waliacha kumwamkia. Walinunua vijiti vya uvumba kwenye kituo cha mafuta, wakaviwasha wenyewe chumbani, king'ora cha moto kikalia na jengo zima likatolewa nje. Kocha alimwomba arudishe chetezo, akamwomba tena. Alikataa, na kila alipokataa alikuja nyumbani akitapika kwa woga. Lakini alikataa. Chetezo kilikaa juu ya friji yangu, kimefunikwa kanga, na nguo za timu akawa anazileta kulala gereji kwangu ili zisinuke.

Mwezi wa Agosti Beto alikuja kiwanjani kuwaaga wenzake kabla ya kwenda kwao. Niliambiwa habari hii na Mwanabaraka mwenyewe. Beto aliingia chumba cha kufulia wakati wachezaji wanachukua jezi. Akaweka kiganja kifuani. Kisha, bila neno, akakunja mkono wa shati, akaunyosha mbele yake autazame. Ulikuwa mwembamba, rangi yake imerudi. Mwanabaraka akaukagua kutoka bega mpaka kucha, bila kuugusa, akasema alhamdulillahi.

Kijana aliyekuwa nyuma akakunja wake pia. Labda kwa mzaha. Aliyemfuata akakunja miwili. Siku hiyo walishinda, na unaweza kukisia kilichotokea mechi iliyofuata: mstari mlangoni, mikono imekunjwa, kila mmoja anauweka mkono mbele ya Mama Moshi kabla hajapewa jezi.

"Wao wadhani nawabariki," aliniambia.

"Si uwaambie basi?"

Alikuwa anakunja soksi. "Nikiwaambia, wataacha kuonyesha."

Naye huwatazama kweli, mmoja mmoja, kushoto na kulia. Ameshawapeleka wawili kwa mtaalamu wa viungo. Mmoja alikuwa ameumwa na nyigu tu. Bado anaogopa shirki, na huomba msamaha kila baada ya sala. Kama Herons watabaki mwaka ujao hatujaambiwa.

Jana nilirudi kutoka zamu mchana, nimesimama tangu alfajiri, nikajitupa kwenye kochi. Nilisema miguu inaniuma, kama nisemavyo kila siku. Akaacha chungu chake motoni. Akapiga magoti kwenye zulia, akanivua soksi, akaiweka miguu yangu sambamba, akalinganisha huu na huu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Zamani ningemcheka. Nilimwachia miguu yangu mpaka aliporidhika.